Idhini ya Kuishi

Kwa zama nyingi wataalamu wa maumbile ya viumbe walidhani kuwa seli ya mwili huishi kwa nguvu zake yenyewe, maadamu haijapungukiwa na chakula, hewa wala maji, na kwamba mauti yakiifikia huwa yametoka nje, kwa jeraha, sumu, moto au maradhi. Dhana hiyo ilielekea sana akilini, na kwa sababu hiyo haikusailiwa. Leo imethibiti kuwa mambo sivyo yalivyo. Seli za mwili wa mnyama, isipokuwa chache mno, zimebeba ndani yake zana kamili za kujiangamiza, na kinachozizuia zisizitumie ni ujumbe unaozijia kutoka kwa jirani zake, saa baada ya saa, ukiziamuru ziendelee kuishi. Ujumbe huo ukikatika, seli hufa, hata ikiwa imezungukwa na shibe. Habari za namna jambo hili lilivyogunduliwa ni ndefu, nazo zinapita katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo, lakini aghalabu husimuliwa kinyumenyume: wasimulizi huanza na mauti yenyewe, ilhali kilichofahamika mwanzo, japo kwa jina lisilokuwa lake, kilikuwa ni kile kinachoyazuia.

Si kwamba mauti hayo hayakuwa yameonekana kabisa. Mwaka 1842 Carl Vogt, Mjerumani aliyekuwa akichunguza makuzi ya chura, aliandika kuwa baadhi ya seli hutoweka ili nyingine zishike mahali pake. Na mwaka 1885 Walther Flemming alichora seli ambazo viini vyake vilikuwa vimevunjikavunjika, pasi na jeraha wala ugonjwa. Kila aliyeona aliandika akapita, kwani wakati huo wataalamu wote walikuwa wameshughulishwa na jinsi uhai unavyoanza na kuongezeka, na hapana aliyetazamia kuwa kiumbe kinachokua kina haja ya maiti.

Aliyelishika jambo hili kwa ncha yake, asijue alichokishika, ni Viktor Hamburger. Huyu alisoma Freiburg chini ya Hans Spemann, bingwa mkubwa wa elimu ya viinitete, akenda Chicago mwaka 1932 kwa ufadhili wa muda, na mwaka uliofuata, Hitler alipotwaa utawala, akaarifiwa kuwa nafasi yake ya ualimu imefutwa kwa kuwa ni Myahudi. Akabaki Marekani. Akiwa Chicago alifanya jaribio ambalo kwa macho ya leo ni jepesi, lakini lilihitaji mkono wa sonara: alifungua kidirisha katika ganda la yai, akakikata kichipukizi cha ubawa cha kifaranga aliyekuwa bado ni kiinitete cha siku tatu hivi, akaliziba yai, na baada ya siku kadhaa akatazama uti wa mgongo. Upande usiokuwa na ubawa, vifundo vya mishipa ya fahamu vilikuwa vimenywea, na safu ya seli zinazoendesha misuli ilikuwa imepungua sana. Katika makala yake ya mwaka 1934 aliamua kuwa ubawa unaochipuka hupeleka kitu fulani kwenye uti wa mgongo, na kwamba kitu hicho huziita seli changa zikue ziwe seli za fahamu. Pasipokuwa na ubawa hapana mwito, na pasipokuwa na mwito hapana seli mpya. Alikuwa amepata nusu ya ukweli, nayo ndiyo nusu iliyo ngumu zaidi kuiona: kwamba kuna ujumbe.

Nusu ya pili ilipatikana katika chumba cha kulala mjini Torino. Rita Levi-Montalcini alizaliwa katika mji huo mwaka 1909, akahitimu udaktari mwaka 1936 chini ya Giuseppe Levi, mwalimu aliyebahatika kuliko wengi, kwani wanafunzi wake watatu, yeye Rita, Salvador Luria na Renato Dulbecco, walikuja kupata Tuzo ya Nobeli kila mmoja kwa kazi yake mbali. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi zilizowafungia Wayahudi milango ya vyuo vikuu. Bi Rita alikwenda Brussels akafanya kazi kwa muda, akarejea Italia kabla Ubelgiji haijavamiwa, na katika kiangazi cha mwaka 1940, akisafiri ndani ya behewa la mizigo, aliisoma makala ya Hamburger, akaazimia kulirudia jaribio lile nyumbani kwao, ambako hapakuwa na sheria ya kumzuia asitazame yai la kuku.

Vyombo vyake vinastahili kutajwa kimoja kimoja, kwa kuwa watu wengi hudhani elimu ya namna hii haianzi ila kwa majumba ya fahari. Alikuwa na hadubini, na kiatamizi kidogo cha kuyaweka mayai katika joto. Sindano za kushonea alizinoa juu ya jiwe mpaka zikawa visu vya kupasulia. Makasi madogo yalikuwa ya daktari wa macho, na koleo zake zilikuwa za fundi wa saa. Mwalimu wake Levi, aliyekuwa amefukuzwa kazi kwa sheria zile zile, akaja kuwa msaidizi wake. Mabomu yalipozidi mjini, jamaa yote ilihamia kijumba cha shamba karibu na Asti, na huko Bi Rita alizunguka kwa baiskeli kwa wakulima kuomba mayai yaliyorutubishwa, akiwaambia kuwa ni ya watoto wake. Viinitete vikishatolewa kwa kazi, yai lililobaki liliingia jikoni, kwani vita vilikuwa vimeleta njaa na hapakuwa na cha kutupa.

Tofauti yake na Hamburger ilikuwa katika namna ya kutazama. Hamburger alitazama mwisho wa jambo. Bi Rita aliviua viinitete vyake kwa zamu, hiki leo, hiki kesho, hiki keshokutwa, akavikata vipande vyembamba mno, akavipaka rangi yenye fedha inayotia weusi katika mishipa ya fahamu, akahesabu. Na hesabu ikamwonyesha jambo ambalo aliyetazama mwisho tu asingeweza kuliona, nalo ni kwamba seli za fahamu za upande uliokatwa ubawa zilikuwa zimezaliwa kama kawaida, zikakua kama kawaida, zikatuma nyuzi zao kuelekea ubawa usiokuwapo, kisha zikafa. Hazikukosa mwito wa kuzaliwa. Zilikosa kitu cha kuziweka hai. Yeye na Levi walichapisha matokeo hayo nchini Ubelgiji mwaka 1942, kwa kuwa magazeti ya elimu ya Italia hayakuruhusiwa kupokea kazi ya Myahudi. Mwaka uliofuata Wajerumani waliikamata kaskazini ya Italia, na Bi Rita akakimbilia Florence, akaishi kwa jina la uongo mpaka mji ulipokombolewa, ndipo akafanya kazi ya udaktari kwa wakimbizi waliokuwa wakifa kwa homa.

Hamburger, aliyekuwa sasa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, aliyasoma matokeo hayo baada ya vita, akaona yanapingana na yake. Wapo wanazuoni ambao wangeandika makala ya kumkosoa mwanamke asiyejulikana aliyefanyia kazi chumbani. Yeye alimwandikia barua ya kumwalika aje walichunguze jambo pamoja. Bi Rita alifika mwaka 1947 kwa nia ya kukaa miezi michache, akakaa kwa takriban miaka 30.

Kilichokata shauri hakikuwa kiinitete kilichopasuliwa, bali kiinitete kizima kisichoguswa. Akitazama kwa hadubini vipande vya vifaranga vya kawaida, siku baada ya siku, Bi Rita aliona kuwa katika vifundo vya fahamu vya shingo na kifua, mahali ambapo hapachipuki ubawa wala mguu, seli nyingi huzaliwa, hukua, kisha kati ya siku ya tano na ya saba hufa kwa makundi, na seli zoazoa huja zikala mabaki, hata siku zikipita asiyejua hawezi kukisia kuwa hapo palikuwa na maangamizi. Ilhali katika vifundo vinavyokabili bawa na mguu, ambako kuna nyama nyingi na ngozi nyingi ya kuhudumia, zinazosalimika ni nyingi zaidi. Alimwita Hamburger aje aone, na mwaka 1949 wakachapisha pamoja. Hapo ndipo ilipodhihiri kuwa mauti hayo si ajali wala si matokeo ya kisu cha mchunguzi, bali ni kanuni ya maumbile. Mwili hufanya kama mkulima atiaye punje tatu za mahindi katika shimo moja: huzalisha seli za fahamu kupita haja, kisha huziacha zishindanie kitu adimu kinachotolewa na nyama na ngozi zinakofikia, na zinazokikosa huondoka. Uchunguzi wa miaka ya 1970, ambao Hamburger mwenyewe aliuongoza akiwa mzee, ulionyesha kuwa katika seli zinazoendesha misuli ya mguu wa kifaranga karibu nusu hufa hivyo, na kwamba akipachikwa mguu wa ziada, baadhi ya zile zilizokuwa zife huokoka.

Kitu hicho adimu ni nini? Jibu lilikuja kwa njia za kombo. Mwaka 1948 Elmer Bueker, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Hamburger, alipandikiza uvimbe wa saratani ya panya katika kiinitete cha kuku, akaona mishipa ya fahamu ikiuingia kwa wingi. Bi Rita aliyarudia hayo, akatambua kuwa uvimbe unatoa majimaji yanayofika mbali, kwa kuwa hata vifundo visivyougusa vilinenepa. Mwaka 1952 alichukua ndege kwenda Rio de Janeiro, akiwa na panya wawili wenye uvimbe katika kisanduku kidogo, kwa kuwa huko rafiki yake Hertha Meyer alikuwa stadi wa kukuza seli ndani ya kioo. Aliweka kifundo kimoja cha fahamu karibu na kipande cha uvimbe katika tone la damu iliyogandishwa. Na baada ya usiku mmoja tu kifundo kilikuwa kimezungukwa na nyuzi zilizotoka pande zote, nene zaidi upande ulioelekea uvimbe. Tangu hapo alikuwa na kipimo: penye nyuzi pana dawa, pasipo na nyuzi hapana.

Stanley Cohen, mwanakemia aliyejiunga nao St. Louis mwaka 1953, alipewa kazi ya kuitenga dawa hiyo. Alitaka kujua kama ni protini au ni asidi ya kiini, akatumia sumu ya nyoka, ambayo ina kimeng'enya kinachovunja asidi hizo, akitazamia kuwa nguvu itapungua au itabaki ilivyokuwa. Badala yake ilizidi mno. Kumbe sumu yenyewe ilikuwa na dawa ile ile kwa wingi kuliko uvimbe wa panya. Na kwa kuwa tezi ya sumu ya nyoka ni ndugu wa tezi ya mate, Cohen akajaribu tezi za mate za panya dume, akakuta humo hazina kubwa kuliko zote. Protini ikasafishwa, ikapewa jina la kichocheo cha ukuaji wa neva.

Jina hilo, kwa maoni yangu, liliwachelewesha wataalamu kwa miaka mingi, kwa maana liliwafanya wafikirie ukuaji tu, na hali jaribio kubwa kuliko yote waliyoyafanya lilisema jambo jingine. Cohen aliidunga protini ile kwa sungura, miili ya sungura ikatengeneza kingamwili za kuipinga, na maji ya damu yenye kingamwili hizo yakadungwa panya wachanga waliozaliwa siku hiyo hiyo. Panya hao hawakuumwa kwa dhahiri; walinyonya, wakakua, wakatembea. Lakini walipopasuliwa, vile vifundo vya fahamu vinavyopangana ubavuni mwa uti wa mgongo na kuendesha moyo, matumbo na mishipa ya damu pasi na hiari ya mwenye mwili, vilikuwa vimetoweka karibu vyote. Hapakutiwa sumu, hapakukatwa kitu. Kilichofanywa ni kuuzuia ujumbe usifike. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1960, na mtu akilitafakari leo huona kuwa fundisho lote la baadaye lilikuwa tayari limo ndani yake.

Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1986 walipewa Levi-Montalcini na Cohen. Hamburger, aliyeanzisha swali, akamwalika aliyempinga, akampa maabara yake, hakutajwa, na nathubutu kusema haikuwa insafu, kwani sheria ya tuzo ingeruhusu mtu wa tatu. Alifariki mwaka 2001 akiwa ametimiza miaka 100.

Wakati huo huo wachunguzi wa mauti walikuwa wakiendelea kwa njia yao, bila kukutana sana na wenzao wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1964 Richard Lockshin na Carroll Williams, waliokuwa wakichunguza misuli ya nondo wa hariri inayoyeyuka mdudu akishatoka katika kifukofuko chake, waliandika kuwa mauti hayo yamepangwa. Mwaka 1972 John Kerr wa Brisbane, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen, walieleza sura ya mauti haya katika maini na katika uvimbe: seli hunywea, kiini chake hukazana na kukatika, mwili wake hugawanyika vifurushi vilivyofungwa vyema, na jirani huvimeza kabla havijamwaga kitu, kwa hiyo hapatokei uvimbe wala homa. Waliyaita apoptosisi, na jina hilo likashika. Na katika mnyoo mdogo wa udongoni ambao Sydney Brenner aliufanya kuwa mnyama wa maabara, John Sulston alifuata uzao wa kila seli kwa macho yake, akakuta kuwa katika seli 1,090 zinazoundwa, 131 hufa, daima zile zile, daima kwa wakati ule ule. Na Robert Horvitz akapata jeni zinazotekeleza mauti hayo, kisha jeni moja iliyokuwa kinyume cha hizo, ambayo kazi yake ni kuzuia.

Mzuiaji wa binadamu alikuwa amekwisha kujulikana kwa sura kabla ya kazi yake kufahamika. Mjini Philadelphia, mnamo mwaka 1984, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce waliigundua jeni iliyokaa mahali ambapo kromosomu ya 14 na ya 18 hukatika na kuungana vibaya katika aina moja ya saratani ya limfu, wakaiita BCL-2. Wakati huo kila jeni ya saratani ilidhaniwa kuwa ni ya kuzihimiza seli zigawanyike, na hii nayo ikadhaniwa hivyo. Miaka minne baadaye, huko Melbourne, David Vaux, aliyekuwa bado mwanafunzi, pamoja na Suzanne Cory na Jerry Adams, waliitia jeni hiyo katika seli za damu ambazo haziishi maabarani bila kupewa protini maalumu ya kuzitegemeza. Wakaiondoa protini. Seli za kawaida zikafa zote kwa siku chache. Zenye BCL-2 hazikufa, wala hazikugawanyika, zilikaa tu, majuma kwa majuma, na protini iliporudishwa zikaanza tena kuongezeka. Hivyo ikajulikana kuwa kuna saratani isiyotokana na haraka ya kuzaa, bali na kukataa kufa.

Hapa ndipo habari hizi zinapogusa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini, na muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo huko Jinja. Aliyachapisha aliyoyaona mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kupitia Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unajulikana, wakathibitisha kuwa unafuata joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi hazinao. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Entebbe hadi London kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya seli hizo, kirusi ambacho leo kinajulikana kwa majina ya Epstein na Barr.

Uhusiano wake na mambo yetu ni huu. Katika saratani ya Burkitt jeni iitwayo MYC, yenye kuihimiza seli igawanyike, imeng'oka mahali pake na kuwekwa chini ya amri isiyokoma. Lakini MYC ina tabia ya ajabu, iliyoelezwa na Gerard Evan na wenzake mwaka 1992: seli inayohimizwa hivyo huku imenyimwa ujumbe wa kuishi haiongezeki, bali hujiua. Kwa hiyo himizo peke yake halifanyi saratani. Sharti lipate mshirika wa kuyazuia mauti, na Vaux alikwisha kuonyesha katika makala yake ile ile kuwa MYC na BCL-2 zikikutana hushirikiana. Na kirusi cha Epstein na Barr, miongoni mwa jeni zake chenyewe, kina moja inayofanana na BCL-2, ambayo huizuia seli iliyoingiliwa isijiue kabla kirusi hakijamaliza haja yake. Ni ghushi ya idhini, na ni ya kale kuliko elimu yetu yote.

Mwaka huo huo wa 1992 Martin Raff wa London alizikusanya habari za pande hizi mbili, za mishipa ya fahamu na za mauti, akatoa hoja iliyoonekana wakati huo kuwa imepita kiasi: kwamba kanuni ya Levi-Montalcini na Hamburger si ya seli za fahamu peke yake, bali kila seli ya mnyama wa juu, ghairi ya chache sana, hufa isipopewa ujumbe wa kuishi na nyingine. Yeye na Barbara Barres walikuwa wameonyesha kuwa katika mshipa wa jicho wa panya, seli zinazozivika nyuzi za fahamu hufa kwa nusu nzima, na kwamba zikiongezewa ujumbe hupona. Hoja yake imesimama mpaka leo.

Kilichosalia kilikuwa ni kujua njia ambayo ujumbe hupita ndani ya seli, na miaka ya 1990 ilikwenda mbio kuliko hamsini iliyotangulia. Mwaka 1991 ilijulikana kuwa kichocheo cha neva hupokewa na kipokezi kiitwacho TrkA, kilichoota katika utando wa seli, nusu nje, nusu ndani. Kipokezi kikiguswa huamsha kimeng'enya PI3K, ambacho Lewis Cantley na wenzake walikuwa wamekigundua katika miaka ya 1980, nacho huongeza fosfati moja juu ya mafuta ya utando. Fosfati hiyo ndiyo alama inayovuta protini ya tatu, Akt, ije ubavuni mwa utando na kuamshwa. Akt, iliyopatikana kwanza katika kirusi cha saratani ya panya, ndiyo mtekelezaji. Mwaka 1997 maabara ya Michael Greenberg, huko Boston, ilionyesha mojawapo ya kazi zake: ipo protini iitwayo BAD, iliyogunduliwa katika maabara ya Stanley Korsmeyer, ambayo desturi yake ni kuwakamata walinzi wa jamii ya BCL-2 na kuwafunga mikono, Akt huitia BAD fosfati, na BAD iliyotiwa fosfati huchukuliwa na protini nyingine ikazuiliwa mbali na walinzi. Walinzi wakiwa huru, mitokondria haitoboki. Mitokondria isipotoboka, protini ya saitokromu haimwagiki. Na saitokromu isipomwagika, vimeng'enya vinavyoikatakata seli havipati amri ya kuanza. Mlolongo wote huo, tangu ngozi ya kidole mpaka kiini cha seli ya fahamu iliyo kandokando ya uti wa mgongo, hudumu kwa kurudiwa, kwa kuwa ipo protini nyingine, PTEN, ambayo tangu mwaka 1998 inajulikana kuwa kazi yake ni kuiondoa fosfati ile ya utando, hata idhini ya jana isifae kwa leo. PTEN ikipotea, kama ipoteavyo katika saratani nyingi, idhini haiondoki tena.

Nisingependa msomaji adhani kuwa njia ni hiyo moja tu. Zipo nyingine, na zinakutana na kuachana kwa namna ambazo makala moja haiwezi kuzibeba. Lakini hiyo imetosha kuzaa dawa mbili zinazokwenda pande mbalimbali.

Ya kwanza, venetoclax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Hukaa katika shimo la BCL-2 na kuizuia isilinde, na seli zilizokuwa zimeishi kwa ulinzi huo pekee hufa kwa kasi iliyowashtua madaktari wenyewe, kwani mabaki ya seli nyingi zikifa kwa pamoja hulemea figo. Ndiyo sababu mgonjwa huanza na kipimo kidogo cha miligramu 20 na kupandishwa juma kwa juma, mpaka juma la tano afikie 400.

Ya pili ni kichocheo cha neva chenyewe, kilichotengenezwa na bakteria maabarani, kikaidhinishwa Ulaya mwaka 2017, miaka mitano baada ya Levi-Montalcini kufariki akiwa na umri wa miaka 103. Hutumika kwa watu ambao mishipa ya fahamu ya kioo cha jicho imekufa, kwa ugonjwa au kwa upasuaji, na kioo hicho, kwa kukosa kile kilichokuwa kikiletwa na mishipa, kimeanza kumomonyoka na kutoka vidonda visivyopona. Jicho hutiwa tone moja kila baada ya saa mbili, mara sita kwa siku, kwa muda wa majuma manane.